Majina Kumi na Tisa

Jumatatu, 1 Machi 1982

Foleni ya sabuni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne wakasema imekwisha. Nimerudi na mfuko mtupu kwa njia ya hospitali, maana miguu yangu bado inajua njia hiyo. Nilitoa dawa katika dirisha la dawa la pale miaka ishirini na saba. Nilistaafu mwaka juzi.

Nimekutana na Paskalina akitoka dirishani mikono mitupu. Ni binti wa jirani yangu hapa Nangara, ana miaka ishirini. Alikuwa na kumi na mitatu nilipompa vidonge vyake vya kwanza vya fenobabitoni, siku alipoletwa ameungua kiganja kwa kuangukia jiko. Tangu siku ile hajaanguka. Miaka saba. Wengi hapa hawajui kwamba aliwahi kuugua, na mama yake ametaka iwe hivyo. Kifafa huku ni doa la nyumba nzima. Watu wanaogopa mate ya mgonjwa, kikombe chake, hata mahali alipoangukia.

Leo ameambiwa arudi daktari atakapokuwepo. Daktari yuko Arusha, gari halina petroli. Nimeuliza kama dawa ipo. Ipo, kabatini. Kinachokosekana ni sahihi.

Amebakiwa na vidonge vya siku nne.

Alhamisi, 4 Machi

Nimezungumza na Simeoni, mtoa dawa aliyeshika nafasi yangu. Mtu wa adabu, mkono wake mwepesi, hesabu zake safi. Amenionyesha waraka ulioletwa pamoja na sheria mpya ya dawa. Kila dawa ya kabati la sumu, yaani zile kali za kufungiwa, cheti kipya kila mwezi, sahihi ya daktari. Bila hiyo ni kosa la jinai.

"Mzee, ninyi mlikuwa mnatoaje?"

Nikamwambia kweli. Nilikuwa natoa vidonge vya miezi mitatu na kuandika daftarini mwezi mmoja mmoja. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Mimi nina watoto wawili, Mzee."

Hana kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nadanganya kwenye daftari la serikali, na wagonjwa wakadhani ni haki yao.

Daktari amefika alasiri. Paskalina amepata vya mwezi mmoja. Mwezi ujao itakuwa vilevile.

Nimeamua kuandika. Ombi la kurekebisha sheria, si malalamiko. Cheti kimoja kitumike miezi sita kwa mgonjwa wa siku zote. Mtoa dawa aliyesomea kazi aruhusiwe kuendeleza dawa hiyo, kumpima mgonjwa, na kumpeleka kwa daktari akiona mabadiliko. Wafamasia waletwe wilayani wakiwa na mamlaka yao kisheria, wakae na wagonjwa, wasiishie kuhesabu makasha ya dawa katika bohari za Dar es Salaam. Mtu anayejua dawa kuliko wote asiwe wa mwisho kuulizwa.

Jumamosi, 13 Machi

Siku tatu kwa miguu. Baiskeli haina tairi na duka la ushirika halina hata ahadi. Nimekwenda Sigino, Mutuka, nimezunguka Nangara yote. Mvua imeanza, matope yanashika viatu. Nimepata watu kumi na tisa wanaotembea kila mwezi kufuata sahihi.

Bibi Marta wa Mutuka, mwenye pumu, alinipokea kwa utani wake wa kale.

"Wewe Mmakua, bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie unifagilie njia."

"Basi utangoja. Lete huo wino." Akabonyeza dole gumba, akalitazama. "Serikali ikiona kidole hiki itajua tu nilikuwa napalilia maharage."

Nimechora jedwali kama nilivyochora madaftari yangu yote. Namba, jina, mahali, umri, ugonjwa, dawa. Ombi bila jedwali ni maneno matupu. Nilifundishwa hivyo na bwana dawa wa misheni nikiwa na miaka ishirini, na sijaona sababu ya kuacha.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Paskalina. Alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Binti ameposwa na Fabiano wa Sigino. Pombe ya asali imeshanywewa, mtamba wa mahari yuko zizini, harusi baada ya mavuno.

"Baba Rozina," akaniuliza, "jina likisomwa?"

"Hii ni karatasi ya serikali. Inakaa kwenye faili."

Paskalina akacheka. "Mama, Baba Rozina alishatusema lini?" Akachukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe kwa mwandiko mzuri wa darasa la saba. Namba kumi na moja.

Jumapili, 21 Machi

Baada ya ibada nimenakili. Nakala tatu kwa mkono, kwenye migongo ya fomu kuukuu, kwa sababu karatasi hakuna mjini. Mwandiko bado umenyooka. Kurasa tatu za maneno, moja ya jedwali. Nimesoma kwa sauti nikiwa peke yangu na sikupata neno la kuondoa. Nimejivuna kidogo. Niandike hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Barua niliyompelekea dada yangu ng'ambo ya Ruvuma imerudi, haikufunguliwa. Vita kule. Nilivuka mto ule nikiwa na miaka kumi na minane, kukimbia shokoa, kazi ya kulazimishwa, kwenye mashamba ya pamba ya Wareno, nikadhani ni kwa msimu mmoja. Ni miaka arobaini na sita. Nimeoa hapa, nimezika mke hapa, binti yangu Rozina amezaliwa hapa na sasa anafundisha Arusha. Watu wema bado wananiuliza, "Kwenu lini unakwenda?"

Ombi hili ningependa libaki kama kitu nilichokifanya kwetu. Kwa maana ya hapa.

Jumatatu, 29 Machi

Mbunge alikuwa bomani. Alinisikiliza kwa dakika tano, tumesimama kwenye ngazi. Alisoma ukurasa wa kwanza wote. Akaniuliza maswali mawili ya maana kuhusu watu wa presha. Akasema yuko tayari kulifikisha kwa waziri na kulisemea bungeni, ila lipite kwenye kikao cha kata kwanza, lipigwe muhuri, lionekane ni la wananchi si la mtu mmoja.

Nimetembea kurudi nyumbani kama mtu wa miaka thelathini. Niliwaona viboko wametoka ziwani mchana, wanalala kwenye majani. Sikuwa nimewatazama muda mrefu.

Jumamosi, 3 Aprili

Niandike polepole.

Kikao kilikuwa darasani, shule ya msingi. Wajumbe wa nyumba kumi kumi wote, na watu wengi madirishani. Ombi langu lilikuwa ajenda ya tatu, baada ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na barabara. Katibu wa kata, Ndugu Laurenti, akasimama kulisoma. Kikao hakipitishi waraka kisioujua. Husomwa tangu kichwa hadi sahihi, na viambatisho vyake, ndipo muhuri. Ni utaratibu mzuri. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka kumi na tano, nimesikia hata orodha za majembe zikisomwa jembe kwa jembe. Nilijua. Nilijua na sikufikiri.

Laurenti anasoma vizuri. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wanaitikia kwa vichwa. Alipofungua wa nne ndipo nilipokumbuka jedwali.

Namba moja, Marta, Mutuka, miaka sabini, pumu. Watu wakacheka, maana Bibi Marta mwenyewe alikuwa dirishani akainua mkono. Namba mbili, presha. Namba tatu, presha. Nilikuwa na nafasi ya majina kumi ya kusimama na kusema hapana, hilo lisisomwe. Nilihesabu. Niliogopa ombi litawekwa kando mpaka mwakani. Niliogopa pia kuambiwa, kama nilivyowahi kuambiwa mle mle, kwamba mgeni haingilii kikao. Namba nane, tisa, kumi.

Namba kumi na moja, Paskalina, Nangara, miaka ishirini, kifafa, fenobabitoni.

Mzee Tluway, baba yake Fabiano, ni mjumbe wa upande wa Sigino. Alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka. Alivua kofia yake tu, akaiweka gotini.

Ombi limepita kwa kauli moja. Walipiga makofi. Laurenti akagonga muhuri, akatenga nakala ya kumpelekea mbunge, akanipa mkono. "Hongera, Mzee wetu. Umetusemea."

Jumapili, 4 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 6 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Paskalina. Alinipa kiti, akanipa maji. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha.

"Ulisema linakaa kwenye faili."

"Nilisema."

"Leo kisimani mwenye ndoo nyuma yangu alimwaga maji yake akachota upya. Kwa sababu nilikuwa nimeshika kata ya kuchotea." Akaendelea kuchambua. "Hata si Paskalina. Mimi."

Nilisema mengi. Nilieleza utaratibu wa kikao. Nilijisikia nikieleza utaratibu wa kikao.

Paskalina hakutoka chumbani.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Mzee Tluway alikuja nyumbani kwangu baada ya ibada, peke yake, amevaa koti. Huongea Kiswahili taratibu, neno baada ya neno. Alisema amekaa siku sita bila kumwambia mtu lolote. Alisema yeye alisoma mpaka darasa la pili na anajua mwandishi anaweza kukosea mstari, akaandika ugonjwa wa mtu mmoja kwenye jina la mwingine.

"Ukiniambia ulikosea mstari, mimi naamini. Nakwenda kusema kwangu kwamba mzee alikosea. Basi."

Alikuwa ananifungulia mlango. Nimeelewa baadaye, saa hizi, kwamba alitaka niupite. Anampenda yule binti.

Nikamwambia mtoa dawa hasemi habari za mgonjwa.

Alisimama, akachukua kofia.

"Jumamosi uliweza."

Akavaa kofia, akaondoka. Maisha yangu yote sikutamka ugonjwa wa mtu nje ya dirisha lile. Nimeitamka siri kwa mdomo wa mwingine, kisha nikaitunza siku ambayo uongo mdogo ungeokoa nyumba. Ningesema nilikosea mstari. Maneno mawili.

Jumamosi, 17 Aprili

Wamekuja kuchukua mtamba wao. Watu wawili, kwa heshima, wakasalimia kila mtu. Nilisikia kengele ya shingoni ikipita nyuma ya ua wangu kuelekea Sigino.

Ijumaa, 23 Aprili

Simeoni amenipitia akitoka kazini. Hakutaka kuketi. Katika majina yangu kumi na tisa, waliofika dirishani mwezi huu ni kumi na wawili. Wa presha wamekuja, Bibi Marta amekuja na utani wake. Wa kifafa hakuja hata mmoja. Wala yule wa kifua kikuu. Wanaogopa kuonekana kwenye foleni, maana sasa kila anayesimama pale watu wanajua anafuata nini.

Nilitaka dirisha lipanuliwe. Nimelifunga.

Simeoni akatoa bahasha ya gazeti mfukoni mwa shati. Vidonge vya mwezi mmoja, bila cheti, bila sahihi. Mikono yake ilikuwa na jasho. "Mpelekee Paskalina, Mzee. Mimi sijakupa kitu." Mwenye watoto wawili.

Jumamosi, 24 Aprili

Paskalina alinipokea mlangoni. "Shikamoo, Babu." Siku zote aliniita Baba Rozina, kama mama yake. Nikaitikia marahaba. Amekonda. Nimempa bahasha na hakuipokea.

Alinieleza kwa utulivu, kama mtu aliyeliweka jambo lake sawa. Vidonge vichache alivyobakiwa navyo alivitupa chooni Jumapili ile baada ya kikao. Fabiano alikuja kumwona kisirisiri. Amesema baba yake atarudi kuposa upya iwapo binti atakaa mpaka mavuno bila dawa na asianguke. Basi itajulikana kwamba karatasi ilikosea.

"Nikimeza, ugonjwa ninao. Nisipomeza na nisianguke, sinao."

Nilimwambia ni dawa inayofanya asianguke, hayo mawili hayatenganishwi. Nilimwambia kuacha ghafla ni hatari kuliko kutokuanza kabisa, kwamba kifafa kilichozuiwa miaka saba kinaweza kurudi mfululizo, bila pumziko. Nilisema yote kwa usahihi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wiki tatu sasa, Babu. Sijaanguka."

"Wiki tatu si kitu, mwanangu."

"Kwangu ni kitu."

Kisha akaniambia nirudi na bahasha. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Nimemwachia mama yake dirishani, nyuma ya nyumba.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimetembea hadi Sigino kumtafuta Fabiano. Nimemkuta shambani kwao, kwenye mbaazi. Kijana mrefu, mnyoofu, mwenye aibu. Nilimwambia aondoe sharti lake. Akasema si sharti, ni njia pekee aliyoipata ya kumrudisha baba yake. Nikasema atamuua Paskalina. Akaniuliza mbona miaka saba hakuna aliyemwona akianguka. Nikasema ni kwa sababu ya dawa. Akasema, "Au ni kwa sababu alipona, na ninyi wa hospitali mkaendelea tu kumpa?"

Anaamini hivyo. Si mpumbavu. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza dawa hii inafanya nini mwilini, kwa sababu hakuna ambaye ni kazi yake kueleza. Niliandika jambo hilo hilo, ukurasa wa pili, aya ya tatu.

Aliahidi kufikiri.

Jumamosi, 1 Mei

Barua kutoka kwa mbunge, imepigwa taipu. Ombi limepokewa, lina uzito, atalifikisha wizarani mwezi huu. Anasema jedwali ndilo lililomgusa zaidi.

Nimeiweka chini ya Biblia ili nisiione.

Jumapili, 2 Mei

Mama Paskalina ananiambia anasaga kidonge na kukitia kwenye uji. Asubuhi ya kwanza binti alikunywa. Ya pili alionja uchungu, akaweka bakuli chini, akamtazama mama yake, akatoka. Sasa anajipikia mwenyewe.

Akaniambia pia, kwa sauti ndogo, kwamba Jumatano aliona damu kwenye mto wa kulalia. Ulimi umeumwa. Paskalina anasema alijiuma akitafuna mahindi ya kuchoma.

Mahindi hayajakomaa.

Jumatatu, 3 Mei

Nimekwenda tena. Nimempigia magoti. Mzee wa miaka sitini na minne kwenye sakafu ya udongo mbele ya binti wa miaka ishirini. Alilia, akaniinua, akaniambia nisifanye hivyo, ni aibu. Amesema nimwachie mpaka Jumapili aonane na Fabiano, halafu ataniambia.

Nimekubali. Jumapili si mbali.

Ijumaa, 7 Mei

Paskalina ameanza alfajiri. Mama yake alinibishia hodi kabla jua halijatoka. Anaanguka, anatulia kidogo, anaanza tena kabla hajafumbua macho. Jirani mmoja alitoa mkokoteni wake wa ng'ombe. Magari machache yaliyopo hayana mafuta. Nilishika kichwa chake njia nzima. Matope. Nilihesabu mara tisa kisha nikaacha kuhesabu.

Daktari alikuwa zahanati ya mbali, kwa kazi ya chanjo. Simeoni hakuuliza cheti. Alifungua kabati, akachukua sindano, akaita muuguzi. Mikono yake leo haikuwa na jasho.

Amefariki saa nne na nusu asubuhi.

Simeoni ameandika daftarini dawa aliyoitoa, saa aliyoitoa, na mahali pa sahihi ya daktari ameandika jina lake yeye. Nilimwambia asifanye. Akasema, "Acha, Mzee."

Jumamosi, 8 Mei

Tumemzika. Mvua ilikatika saa sita, wakati wa kaburi. Kanisani ilisemwa ni homa ya ghafla. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nikanyamaza. Sijui tena ni lini kunyamaza ni kosa na ni lini ni heshima.

Fabiano alikuja. Alichukua jembe kwa watu, akafukia peke yake mpaka mwisho, hakumpa mtu. Baba yake alisimama nyuma yake ameshika kofia.

Watu walikula. Niliona wanawake wawili wamekuja na vikombe vyao kutoka nyumbani.

Alhamisi, 20 Mei

Siandiki kwa sababu hakuna la kuandika. Napanga foleni. Leo sukari, nusu kilo. Nampelekea Mama Paskalina, naiacha mlangoni.

Daktari amemwita Simeoni kuhusu lile daftari. Amemwonya kwa mdomo, hakuandika popote. Kisha, Simeoni anasema, alifunga daftari, akamwambia, "Ningekuwepo ningesaini. Lakini sikuwepo, sivyo?" Ni mtu mmoja kwa wilaya nzima. Naye amechoka.

Jumatano, 2 Juni

Barua ya pili ya mbunge. Ombi limefika wizarani. Wametaka jedwali lihakikiwe, wajue kama wagonjwa ni watu kweli, na liletwe upya kabla ya kikao kijacho cha bunge. Ananihimiza niharakishe.

Nilitaka kulichoma. Nilikuwa nimeshika kiberiti, na kiberiti siku hizi ni njiti za kuhesabu. Kisha nikawaza wale sita waliobaki majumbani bila dawa, walio hai. Kwa ajili yao tu.

Nitaandika bila majina. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke, miaka sabini, pumu. Wizara wakitaka kuhakiki, waje. Nitawatembeza mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba akikubali. Safari hii naomba ruhusa upya, na ninamsomea kila mtu mstari wake kabla haujaandikwa.

Jumamosi, 19 Juni

Wiki mbili za kuzunguka. Watano wamekataa, nimewashukuru. Mmoja hakufungua mlango, nikaongea na mlango, nikaondoka. Bibi Marta amekubali na hakunitania. Hilo limeniumiza kuliko kama angenitania.

Wawili wa kifafa wamekubali kupelekewa dawa. Simeoni amezungumza na daktari, na daktari sasa anasaini vyeti vya miezi mitatu kwa mkupuo kabla ya kusafiri. Si sheria. Ni huruma ya watu wawili, itakwisha mmoja wao akihamishwa. Ndiyo maana nataka sheria.

Bado nyumba moja. Napita mbele yake kila siku.

Jumamosi, 17 Julai

Leo nimeingia. Mama Paskalina alikuwa uani, amezungukwa na mahindi yaliyokwisha kukauka, anapukuchua peke yake. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya ile karatasi, na kwamba akisema nitoke natoka, na mstari nautoa.

Hakusema nitoke. Akasema, "Soma."

Nikasoma. Mgonjwa wa kumi na moja, msichana, miaka ishirini. Alikaa miaka saba bila kuanguka kwa kutumia dawa. Alifariki baada ya kuiacha.

Alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu.

"Hapo hawatajua ni nani."

"Hawatajua."

"Wengine uwafiche. Huyu mwandike. Jina lake, na langu chini yake, kwamba mimi ndiye mama. Hakuna tena wa kumharibia."

Nimeandika. Aliangalia kalamu herufi kwa herufi. Alitaka kusaini mwenyewe, si dole gumba, na ilichukua muda kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba kwa kazi ya mahindi. Nimeitia karatasi mfukoni. Jumatatu naipeleka posta. Sheria hiyo ikija sitakuwepo, nadhani. Kalamu ya serikali haina haraka.

Kisha nikavua koti, nikaketi upande wa pili wa rundo, nikachukua hindi. Hakuniambia nifanye hivyo wala niache. Tumepukuchua mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Hatukuzungumza isipokuwa mara moja, aliponiambia niyatenge yaliyotobolewa na wadudu. Nikayatenga.

Limejaa gunia moja. Yamebaki ya magunia mawili. Kesho baada ya ibada nitarudi.